Noto au Ragusa? Mji uliohama wote na mji uliogawanyika

Swali hili huulizwa sana na ndugu zetu wanaoishi Ulaya, wale wanaopata tiketi ya bei nafuu hadi Catania na siku mbili tatu za mapumziko: "Kusini-mashariki mwa kisiwa cha Sisilia, Italia, kuna miji mingi mizuri ya kale, na mimi nina siku moja tu. Niende Noto au Ragusa?"

Jibu langu la haraka ni hili. Ukitaka mji uliopangwa ukapangika, unaotembeleka bila kuhema, ambao kila ukigeuka kuna kitu cha kupiga picha, nenda Noto. Ukitaka kuelewa tetemeko la ardhi lililoiangusha miji hii na jinsi lilivyowafarakanisha watu walionusurika, nenda Ragusa. Ipo pia njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda zaidi, lakini hiyo inahitaji gari, na nitaieleza baadaye. Kwanza tujue kilichotokea, maana miji hii miwili ni majibu mawili ya swali moja: mji ukianguka wote, mnaujenga palepale au mnahama?

Januari 1693

Tarehe 9 Januari 1693 ardhi ilitikisika vya kutosha kuua watu na kuangusha nyumba. Siku mbili baadaye, tarehe 11, likaja tetemeko kubwa. Wataalamu wa leo wanalikadiria kuwa lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4. Bahari nayo ilipanda pwani, na hata kisiwani Malta majengo yalibomoka. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 60,000. Catania ilipoteza karibu theluthi mbili ya wakazi wake.

Sisilia wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Makamu wake kisiwani alimteua Giuseppe Lanza, Duke wa Camastra, kusimamia ujenzi mpya, pamoja na mhandisi wa kijeshi Carlos de Grunenbergh. Watu hawa wawili walizunguka kwenye vifusi wakiamua mji upi ubaki na upi uhame. Fikiria uzito wa kazi hiyo: watu wamelala nje, ni majira ya baridi, maiti hazijazikwa zote, halafu anakuja mgeni na ramani mkononi.

Kwa kuwa eneo zima lilijengwa upya ndani ya karne moja, lilijengwa kwa mtindo uliokuwa ukipendwa zama hizo, yaani baroko: kuta zinazobinuka kama tanga lililoshika upepo, ngazi pana kama jukwaa, nguzo zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na mawe yaliyochongwa hadi yanaonekana laini kama unga uliokandwa. Mwaka 2002 UNESCO iliingiza miji minane ya eneo hili katika orodha ya Urithi wa Dunia: Caltagirone, Militello Val di Catania, Catania, Modica, Noto, Palazzolo Acreide, Ragusa na Scicli.

Eneo lote huitwa Val di Noto. Waarabu walioitawala Sisilia tangu karne ya 9 waliacha kisiwa kikiwa na sehemu tatu za utawala, na hii ilichukua jina la mji wa Noto. Wapo wataalamu wanaosema kwamba hilo "val" halitokani na bonde, bali na neno la Kiarabu *wilaya*, lilelile tunalolitumia sisi kila siku. Nilipolisoma jambo hilo, mji huu uliacha kuwa wa kigeni kwangu.

Noto: kuhama bila kutaka

Noto unayoiona leo si Noto iliyoanguka. Ile ya kwanza, Noto Antica, ilikuwa juu ya mlima Alveria, kilomita nane hivi ndani zaidi. Mlima huo umezungukwa na makorongo karibu pande zote, ngome ya Mungu mwenyewe. Waarabu waliuchukua mji huo mwaka 864, nao ukawa wa mwisho kuangukia mikononi mwa Wanormani, mwaka 1091. Kwa karne nyingi urefu wa mlima ulikuwa ndio usalama wake.

Baada ya tetemeko, Camastra pamoja na baadhi ya makabaila, hasa Giovanni Battista Landolina, waliona mji uhamie kwenye mteremko wa kilima cha Meti, karibu zaidi na bahari na mashamba. Sababu zao zilikuwa na mantiki. Mahali pa zamani palikuwa pembamba na pagumu kufikika, na zama za kujificha juu ya majabali zilikuwa zinapita. Huku chini barabara zingeweza kunyooka, viwanja vikapanuka, na siku ardhi ikitikisika tena watu wakapata pa kukimbilia.

Lakini watu wa kawaida hawakutaka. Wengi walikuwa wamesharudi juu, wakajenga vibanda kati ya vifusi, karibu na makaburi yao na mawe ya nyumba zao. Ugomvi ukaendelea miaka. Mwaka 1698 wananchi waliulizwa kwa kura, na walio wengi wakaukataa mji mpya. Hata hivyo mji mpya ukaendelea. Watawa walikuwa wameshaanza kujenga, makabaila wameshatia fedha zao, na ukuta ukishafika kimo cha mtu, kuubomoa ni kazi kuliko kuumalizia.

Hili ndilo ninalotaka mgeni alijue kabla hajashuka kwenye treni, kwa kuwa uzuri wa Noto unaweza kukudanganya ukadhani ulitokana na makubaliano. Ukiingia kwa lango la Porta Reale na kuifuata Corso Vittorio Emanuele kuelekea magharibi, kila kitu kinatulia machoni. Barabara imenyooka, imekatwa kando ya mteremko, na mara tatu inafunguka kuwa uwanja. Makanisa makubwa yako upande wa kaskazini yakitazama kusini, kwa hiyo jua linayapiga usoni tangu asubuhi. Mawe yenyewe ni chokaa laini ya hapo hapo yenye rangi ya asali. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa zamani, unga mweupe unabaki kidoleni.

Panda Via Nicolaci usimame chini ya roshani za jumba la Nicolaci. Kila roshani imebebwa na viumbe vya mawe: simba, farasi wenye mabawa, watoto wanono, wazee wenye ndevu. Usiridhike kuvitazama kwa pamoja. Chagua farasi mmoja umwangalie vizuri: pua imetanuka, shingo imekaza, kana kwamba kweli anabeba uzito wa watu waliosimama juu yake. Juu, vyuma vya roshani vimebinuka nje kama kifua cha bata. Mchongaji alijua kwamba watazamaji wake wengi watakuwa chini barabarani, si ndani ya jumba.

Kanisa kuu la San Nicolò lina somo lake, na linawahusu wote wanaopenda majengo ya kale. Tarehe 13 Desemba 1990 tetemeko dogo zaidi lilipita na kuacha nyufa. Usiku wa tarehe 13 Machi 1996 nguzo zikasalimu amri, kuba likaporomoka na sehemu kubwa ya paa ikaenda nalo. Kwa rehema ya Mungu kanisa lilikuwa tupu, hakufa mtu. Mafundi walipofukua wakakuta kwamba nguzo zile, nzuri kwa nje, ndani zilijazwa kokoto na vifusi. Juu yake, katikati ya karne ya 20, paa la mbao lilikuwa limeondolewa na kuwekwa zege zito. Ujenzi mpya ulitumia mawe na chokaa kwa ufundi wa zamani, na kanisa likafunguliwa tena Juni 2007. Ukiingia leo utaona ndani ni peupe na papya kuliko ulivyotarajia. Wengine huvunjika moyo. Mimi nawaheshimu walioamua kujenga upya kwa jiwe badala ya kumwaga zege wakamaliza haraka.

Ragusa: ugomvi uliogeuka kuwa miji miwili

Ragusa ilipoteza watu wapatao 5,000. Swali likawa lilelile, ila hapa hakuna upande ulioshinda. Kulikuwa na parokia mbili zilizoshindana tangu zamani: watu wa San Giorgio, waliokuwa na makabaila wa kale, na watu wa San Giovanni, ambao wengi wao walikuwa wakulima wakubwa wenye mali iliyopatikana karibuni. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Wa San Giovanni walipanda uwanda wa Patro, juu ya korongo, wakapima barabara zilizonyooka na kujenga Ragusa ya Juu. Wa San Giorgio wakakataa kuondoka. Wakajenga upya palepale, juu ya vichochoro vilevile vya zamani, na sehemu hiyo leo huitwa Ibla. Zikawa Ragusa mbili, na zikaja kuunganishwa rasmi kuwa mji mmoja mwaka 1926 tu; mwaka uliofuata ukawa makao makuu ya mkoa. Hadi leo kila sehemu ina sikukuu yake: San Giorgio mwishoni mwa Mei kule Ibla, San Giovanni tarehe 29 Agosti kule juu.

Ushauri wangu ni kuanzia juu na kushuka kwa miguu. Kituo cha treni kiko Ragusa ya Juu, na barabara zake zimenyooka kama za Noto ila hazina neema ya Noto. Nasema hivyo bila kuficha. Angalia kanisa la San Giovanni Battista halafu usipoteze muda. Nenda hadi kanisa la Santa Maria delle Scale, mahali ngazi zinapoanzia. Ndani yake bado yapo matao ya kale yaliyonusurika 1693, yamesimama bega kwa bega na yale ya baroko. Ukitoka nje, Ibla nzima iko mbele yako juu ya kilima chake, paa juu ya paa, kuba la bluu la San Giorgio katikati.

San Giorgio ni kazi ya mbunifu majengo Rosario Gagliardi, na hapa ulinganisho wetu unapata kipimo kizuri, kwa sababu Gagliardi huyohuyo alifanya kazi Noto. Kule Noto, kanisa lake la San Domenico limepewa kiwanja na nafasi; uso wake umebinuka mbele kwa raha, kama mtu aliyevuta pumzi. Hapa Ibla alipewa mteremko na kiwanja kilichopinda. Akalikalisha kanisa mshazari juu ya ngazi ndefu, hivi kwamba ukisimama chini unauona uso wa mbele na kuba la nyuma kwa pamoja, jambo ambalo lisingewezekana kama angelielekeza sawasawa na uwanja. Michoro yake ni ya karne ya 18. Kuba lenyewe lilikamilishwa karne iliyofuata. Kwangu mimi hii ndiyo kazi bora ya ujenzi katika Val di Noto nzima, na ilipatikana kwa sababu watu walikataa kuhama.

Kisha tembea hadi mwisho wa Ibla, karibu na bustani ya Giardino Ibleo. Hapo umesimama mlango mmoja wa mawe, wa kanisa la San Giorgio la kabla ya tetemeko. Kanisa lenyewe halipo tena. Juu ya mlango, Mtakatifu Giorgio bado yuko juu ya farasi akimchoma joka, jiwe limelika hadi sura zinakaribia kufutika. Watu wanapita na mifuko ya sokoni bila hata kugeuka.

Basi tofauti kubwa ninayoiona ni hiyo. Ragusa kilichonusurika kimebaki kilipokuwa, na mji ukakizunguka. Noto kilichonusurika kilibebwa.

Vigezo vya kawaida

Miguu. Noto ina mteremko, lakini vitu vingi vya kuona viko kwenye barabara moja iliyo tambarare. Mzee au mtoto wa kusukumwa kwenye kigari anaimudu, ingawa kutoka kituo cha treni kuna kupanda kidogo. Ragusa ni ngazi, ngazi, halafu ngazi. Mwenye magoti mabovu ateremke Ibla kwa basi la mji, asijitie ushujaa.

Usafiri. Ukiwa umelala Siracusa, Noto ni karibu, kama nusu saa kwa treni. Reli hiyohiyo inaendelea hadi Ragusa, ila ni safari ndefu zaidi ya saa mbili. Kutoka Catania, basi ni bora. Mpenda reli hatajuta: kati ya Ibla na Ragusa ya Juu njia inajizungusha yenyewe ndani ya mlima ili kupata kimo.

Joto. Tarehe 11 Agosti 2021 karibu na Siracusa kilipimwa kiwango cha juu kabisa kuwahi kuthibitishwa Ulaya, nyuzi 48.8. Noto saa saba mchana mwezi wa Agosti, mawe yale yanakurudishia jua lote. Ibla ina vichochoro vyenye kivuli na iko juu zaidi. Kama likizo yako ni Julai au Agosti na huwezi kuamka mapema, hiki peke yake kinatosha kukupeleka Ragusa.

Umati. Jumapili ya tatu ya Mei Via Nicolaci hutandikwa zulia la petali za maua kuanzia chini hadi juu, sherehe wanayoiita Infiorata. Ni nzuri kweli, na watu ni wengi kweli. Anayetaka utulivu aepuke wiki hiyo.

Chakula. Noto iko jirani na Avola, nchi ya lozi. Agiza granita (barafu laini tamu) ya lozi asubuhi na mkate wake laini, uuchovye. Ragusa wana scaccia, chapati nyembamba ya ngano inayokunjwa mara kadhaa na nyanya na jibini kisha kuokwa. Wana pia jibini lao la Ragusano, matofali makubwa ya pembe nne yanayofungwa kamba mawili mawili na kutundikwa juu ya mti kama mizigo ya punda. Kwa chakula, bila kusita, Ragusa.

Na miji mingine?

Catania ilijengwa palepale, kwa barabara pana na mawe meusi ya volkano ya Etna. Utaiona tu kwa sababu uwanja wa ndege uko huko. Wanaopenda mipango ya miji waitazame Grammichele. Kijiji cha Occhiolà kilipoanguka, bwana wake, Carlo Maria Carafa, aliwahamisha watu na kuwajengea mji wenye umbo la pembe sita, uwanja katikati na barabara sita zikitoka humo. Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 1693, miezi mitatu tu baada ya maafa. Hapakuwa na kura wala ugomvi mrefu, kwani mwenye ardhi alikuwa mmoja. Inavutia ukiiona kutoka angani. Chini, saa moja inatosha. Avola nayo ilishuka kutoka mlimani kwenda pwani kwa mpango wa pembe sita, uliochorwa na Mjesuiti Angelo Italia, ambaye jina lake linatajwa pia kwenye mipango ya Noto.

Njia ya tatu

Sasa ile ninayoipenda. Kama una gari, chagua Noto, lakini usianze na Noto. Anza na Noto Antica asubuhi, jua likiwa bado chini.

Kiswahili kina neno kamili kwa mahali kama pale: mahame. Unaingia kupitia lango la mawe, pembeni kuna mabaki ya ngome na mnara wake wa duara, halafu njia inaendelea kwenye kichaka. Mji uliokuwa na makanisa na majumba sasa ni kuta zinazofika magotini, miti ya zeituni pori na mijusi. Tembea polepole, ufike ukingoni, utazame makorongo pande zote. Ukiwa hapo utaelewa kwa nini mtu aliyepoteza kila kitu bado alitaka kurudi, na pia kwa nini mhandisi alitingisha kichwa.

Kisha shuka. Usiende moja kwa moja kwenye Corso kama wanavyofanya wote. Simama kwanza Noto ya juu, kwenye uwanda walikokaa watu wa kawaida, katika kanisa la Crocifisso, kazi nyingine ya Gagliardi. Mlangoni kuna simba wawili wa mawe ambao ni wakubwa kiumri kuliko kanisa lenyewe; walitoka mlimani. Ndani kuna Bikira Maria wa marumaru, Madonna della Neve, aliyechongwa na Francesco Laurana mwaka 1471. Naye alitoka mlimani, miaka 222 akiwa na umri wake siku ile ya Januari. Mtazame uso: umetulia, macho yameinama. Watu waliopiga kura ya kukataa kuhama ndio waliokuwa wakimwomba kule juu, kisha watoto wao wakamwomba hapa.

Ukitoka hapo teremka kwa ngazi kuelekea Corso. Ukipanga muda vizuri utafika jioni, jua likiingia kutoka magharibi kupitia barabara yote, na mawe yakianza kuwaka.